Kilomita 1,000 za Kwanza: Pikipiki Mpya na Ushauri Unaopingana

Anayetoka dukani na pikipiki mpya jijini Mwanza hupokea ushauri kabla hajafika hata kituo cha mafuta. Fundi aliyeitoa kwenye kreti na kuifunga magurudumu humwambia asizidi kilomita 40 kwa saa mpaka mita isome 1,000. Akifika kijiweni Nyakato, mwendesha bodaboda mkongwe humcheka na kumweleza kuwa pikipiki inayobembelezwa siku za mwanzo huwa nzito maisha yake yote, kwa hiyo aivutie mafuta tangu leo ili injini "ifunguke". Jioni baba mwenye nyumba humtolea ushauri wa tatu: aiwashe uani, aiache ingurume yenyewe usiku kucha, asubuhi amwage oili na kuanza kazi akiwa na injini iliyokwisha kuzoea. Kila mmoja wao ana pikipiki ya kutolea ushahidi, na pikipiki hiyo kweli ilidumu.

Ukiwasikiliza kwa haraka utadhani wawili kati yao wanadanganya. Ninavyoona mimi, kila mmoja ameshika kipande cha jambo, na kinachowapoteza wote ni kulipima jambo lenyewe, yaani kuizoesha injini mpya, kwa kasi ya barabarani au kwa saa za kungurumisha. Injini haijui kasi ya barabarani. Inachokijua ni shinikizo la moto juu ya pistoni, joto la kuta zake, na oili iliyo katikati ya chuma na chuma. Kwa hiyo, ili kuamua nani kati ya watatu hao asikilizwe, hatuna budi kuingia ndani ya silinda.

Sehemu ile yenye mapezi ya kupoozea, ambamo pistoni hupanda na kushuka, mafundi wetu huiita bloku. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, bloku ni ya alumini na ndani yake mna silivu ya chuma, yaani bomba ambamo pistoni hupita. Ukiielekeza silivu mpya kwenye mwanga utaona mistari myembamba inayokatizana, kama jamvi lililosukwa mshazari. Mistari hiyo haikuachwa kwa uzembe. Huchongwa makusudi kwa mawe ya kunolea yanayozunguka huku yakipanda na kushuka. Mabonde ya mistari hutunza oili, na vilele vyake ndivyo vitakavyosagana na ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Anayeijua Mwanza anaweza kuupata mfano kwa urahisi: kwa jicho la hadubini ukuta huo haufanani hata kidogo na ziwa lililotulia alfajiri, bali na vilima vya mawe vya Igogo na Mabatini, na kuzoesha injini ni kuvipunguza vilele bila kuyafukia mabonde.

Pistoni ya injini ya mipigo minne kwa kawaida huvaa ringi tatu. Mbili za juu huzuia gesi za moto zisishuke, na ya tatu hukwangua oili iliyozidi ukutani na kuirudisha chini. Ringi mpya ni ya duara, lakini duara lake halijalingana kikamilifu na duara la silinda ambamo imewekwa, hivyo hugusa ukuta sehemu hii na kuacha mwanya mdogo sehemu ile. Gesi hupenya katika mianya hiyo kwenda chini, oili nayo hupenya kuja juu. Kusagana kwa vilele vya ukuta na uso wa ringi ndiko kunakoiondoa mianya hiyo, mpaka ringi na silinda zikawa kama kifuniko na chungu chake. Hapo mafundi husema kwamba ringi "zimekaa", na sijaona neno jingine linalolieleza jambo hili vizuri kuliko hilo.

Ni nini, basi, kinachoikandamiza ringi ukutani hata isagane nao? Wengi hudhani ni ukakamavu wa ringi yenyewe, kwa kuwa ukiibana kwa vidole unausikia. Ukakamavu huo upo, lakini ni mdogo. Kazi kubwa hufanywa na gesi. Petroli inapowaka, sehemu ya gesi hushuka kwenye upenyo mwembamba ulio kati ya ringi na mfereji wake, ikazunguka nyuma ya ringi na kuisukuma kuelekea nje. Kadiri mwako unavyokuwa na nguvu, ndivyo ringi inavyokandamizwa zaidi. Injini inayovuta mzigo huku ekseleta imefunguliwa vya kutosha huwa na shinikizo juu ya pistoni linaloizidi hewa ya kawaida kwa makumi ya mara, ilhali injini iliyoachwa ingurume bila mzigo hupata sehemu ndogo tu ya shinikizo hilo. Bila mzigo, ringi huteleza juu ya utando wa oili na vilele hubaki kama vilivyotoka kiwandani.

Upande wa pili wa mizani kuna joto. Kila kilele kinachosagwa hutoa joto lake, na idadi ya misuguano ni kubwa kuliko tunavyodhani: injini inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huipitisha pistoni mbele ya ukuta ule ule mara 8,000, yaani mara 480,000 kwa saa moja. Pistoni ni ya alumini, ambayo kwa joto lile lile hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na nafasi iliyoachwa kati yake na silinda katika injini ndogo mpya ni sehemu chache tu za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele. Joto likipanda upesi kuliko mapezi yanavyoweza kulitoa, pistoni hutanuka kuipita silinda, utando wa oili hukatika, na alumini hujipaka ukutani. Anayeifungua injini ya namna hiyo hukuta michirizi mirefu ubavuni mwa pistoni, kama iliyoparuzwa na kucha. Hali ikizidi, pistoni hushika kabisa na mwenye pikipiki husukuma chombo hadi kwa fundi akiwa na taarifa fupi, kwamba injini imenoki.

Injini mpya inahitaji shinikizo na inaogopa joto, na vyote viwili huletwa na mkono ule ule ulioshika ekseleta. Kinachovitofautisha ni muda. Shinikizo hufika papo hapo mafuta yanapovutwa. Joto hujilimbikiza taratibu. Mvuto wa sekunde kadhaa ukifuatwa na kuachia huipa ringi shinikizo lake, kisha huipa silinda nafasi ya kupoa. Kupokezana huko, kuvuta na kuachia, kupanda na kushuka kwa mzunguko, ndiko kuzoesha injini kwenyewe, na mtu akilishika hilo anaweza kuwapima wale washauri watatu mwenyewe.

Baba mwenye nyumba ndiye aliye mbali zaidi na ukweli, ingawa ushauri wake ndio unaoonekana wa upole kuliko yote. Pikipiki iliyoachwa sailensa, yaani ikinguruma chini bila kuvutwa mafuta, usiku kucha haina mzigo, hivyo ringi hazikandamizwi. Haiendi popote, hivyo hakuna upepo unaopita kwenye mapezi ya bloku, wakati injini nyingi za aina hii hutegemea upepo kwa kiasi kikubwa ili zipoe. Zaidi ya hayo, kabureta katika mngurumo wa chini hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi, na petroli isiyoungua vizuri huosha oili ukutani. Lililo baya kuliko yote huja polepole: gesi za moto zinazopenya pembeni mwa ringi zisizokaa huikausha oili iliyo ukutani, ikawa utando mgumu unaong'aa kama rangi ya vanishi na kuyaziba mabonde. Ukuta ukishakuwa kioo hivyo, ringi hazina tena cha kusagana nacho. Pikipiki itaendelea kula oili, na dawa yake ni kuifungua na kuichonga upya mistari ile.

Mkongwe wa kijiweni yeye amekaribia zaidi, kwa kuwa ameiona kwa macho pikipiki iliyobembelezwa ikabaki nzito na yenye moshi. Anachokosa ni breki. Kuvuta mafuta mpaka mwisho na kuyashikilia hapo kutoka Buhongwa hadi Usagara ni kuipa injini shinikizo na joto kwa wakati mmoja bila mapumziko. Ushauri wake ungekuwa mzuri iwapo angeongeza maneno mawili, "na uachie".

Fundi wa dukani amesema linalokaribiana na vitabu vya watengenezaji, lakini amelikata nusu. Kilomita 40 kwa saa katika gia ipi? Katika gia ya mwisho, pikipiki ya CC 125 au 150 inayokwenda 40 huwa inapumua kwa utulivu. Katika gia ya pili, kwa kasi ile ile, injini huzunguka karibu mara mbili zaidi na hupiga kelele. Kijana aliyeambiwa "usizidi 40" anaweza kuitii amri hiyo kutwa nzima huku akiichemsha injini katika gia ndogo, au akaitii kwa namna nyingine iliyo mbaya vilevile, yaani kupanda mlima akiwa gia kubwa, injini ikigongagonga kwa kukosa mzunguko. Katika hali hiyo ya pili, kila mwako humwelemea mkono wa pistoni na beringi zake wakati mzunguko ni mdogo mno kuuweka utando wa oili mahali pake. Tena, mwendo wa 40 usiobadilika kwa saa nzima ni mwendo usio na kupokezana. Si kasi ndogo inayozoesha injini.

Vitabu vingi vya watengenezaji husema kwa vipimo viwili. Kimoja ni kasi ya mwisho kwa kila gia, jambo ambalo fundi wetu huliacha kwa kuwa ni refu kulisema. Kingine ni ufunguzi wa ekseleta: kwa mfano theluthi moja kwa kilomita za mwanzo kabisa, nusu mpaka kilomita mia kadhaa, robo tatu mpaka 1,000, na kila hatua huambatana na maneno "usishikilie kwa muda mrefu" na "badilisha mwendo mara kwa mara". Watu hukumbuka theluthi na nusu, wakayasahau maneno hayo ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya maagizo yote. Kwa pikipiki zetu, ambazo nyingi hazina mita ya mizunguko, kipimo cha ekseleta ndicho kinachofaa. Kipande cha selotepu kilichobandikwa kwenye mpini wa ekseleta, kingine kwenye sehemu isiyozunguka, vikaelekeana mkono ukifika nusu, kinatosha kumkumbusha mtu mahali alipo bila kuangalia chini.

Swali halali linabaki. Kama mambo ndivyo yalivyo, imekuwaje wote watatu wana pikipiki zilizodumu? Jibu lipo kiwandani. Silinda nyingi za siku hizi huchongwa kwa hatua mbili: kwanza mistari ya kina, kisha vilele hukatwa kwa mawe laini zaidi ili uso ubaki na mabonde na tambarare fupi. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzoesha hufanyika kabla pikipiki haijapakiwa kwenye kreti. Kinachobaki kwa mnunuzi ni kidogo kuliko enzi za babu zetu, na sehemu yake kubwa hukamilika mapema sana, katika makumi ya kilomita za kwanza. Ndiyo maana injini husamehe makosa mengi, na ndiyo maana kila mshauri anaweza kuonyesha mfano wake. Tofauti huja kuonekana baadaye, katika kilomita ya 30,000 au 40,000, wakati mmoja anaongeza oili kila wiki na mwingine haongezi, na kwa wakati huo hakuna anayekumbuka siku ya kwanza iliendaje.

Mji wa Mwanza, kwa bahati, umejengwa kana kwamba ni kwa ajili ya kazi hii. Mlima wa Bugando, miteremko ya Isamilo na Capri Point, ile barabara ya Kenyatta inayopitia Mkuyuni, Butimba na Nyegezi ikiwa na vituo na kona zake: humo mtu hulazimika kuvuta na kuachia hata asipotaka. Kupanda kilima si dhambi kwa injini mpya, mradi uteremshe gia mapema, injini izunguke kwa wepesi, na ekseleta isifike mwisho. Hata abiria mmoja si adui. Uzito wake ni sehemu ya mzigo ambao ringi zinauhitaji. Mishkaki ya watu watatu, au magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kirumba yaliyopangwa mpaka kumzidi dereva kimo, hayo na yasubiri.

Kushuka kuna faida yake ambayo wengi huitupa kwa ajili ya kuokoa petroli. Ukiteremka Bugando ukiwa ndani ya gia na ekseleta imefungwa, pistoni huvuta hewa isiyopatikana, na mvuto huo huipandisha oili kidogo kwenye kuta, ikapoza ringi na kuondoa vumbi la chuma lililosagwa. Anayeteremka akiwa nyutro huikosa huduma hiyo ya bure, na breki zake mpya, ambazo nazo hazijakaa, hubeba kazi yote peke yake.

Panapotakiwa tahadhari ni nje ya mji. Kutoka Kisesa kuelekea Magu, au kutoka Usagara kwenda Kigongo na kulivuka daraja jipya mpaka Busisi, barabara hunyooka na mkono wa kulia hulala mahali pamoja kwa dakika nyingi. Asiyeweza kuahirisha safari hiyo abadilishe mwendo kwa makusudi, mara 40, mara 55, mara arudi 45 kwa kuachia kabisa, na baada ya saa moja asimame dakika tano hadi kumi, injini ikiwa imezimwa. Adui mwingine ni foleni ya jua la mchana, ambapo upepo haupo. Hapo ni afadhali kuizima kuliko kuiacha ingurume. Nitaje pia, kwa kupita, kwamba ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na pikipiki yenye kabureta huwa na nguvu pungufu kidogo huku. Mgeni aliyeizoea ya pwani asidhani injini yake mpya ni mbovu akaanza kuikamua.

Oili ya kwanza ina kazi ambayo oili nyingine zote hazitaipata, yaani kubeba unga wa chuma unaotoka kwenye ringi, silinda, gia na klachi vinapofahamiana. Ukiimwaga kwenye beseni safi na kuiangalia juani utaona mng'aro wa rangi ya fedha unaozunguka ndani yake. Mng'aro huo ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida, na vinastahili kuonyeshwa dukani siku hiyo hiyo. Injini nyingi za jamii hii hazina chujio la karatasi. Zina wavu wa chuma, na baadhi zina kikombe kinachozunguka na kuutupa uchafu pembeni, hivyo unga mwembamba huendelea kusafiri humo mpaka mtu aumwage. Vitabu hutofautiana juu ya umbali wa kumwaga kwa mara ya kwanza, vingine kilomita 500, vingine 1,000. Kwa pikipiki ya kazi mimi ningemwaga mapema, kwenye 300 hivi, na tena kwenye 1,000, kwa sababu kinachotumika ni lita moja hivi ya oili, na lita moja ya oili haijawahi kulingana na bei ya bloku. Imwagwe ikiwa moto, baada ya safari fupi, ili iondoke na ilichokibeba.

Kuhusu aina ya oili, klachi ya pikipiki nyingi huoga ndani ya oili ile ile ya injini, jambo lisilo la kawaida katika magari, na kwa hiyo baadhi ya oili za magari zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Tafuta kwenye kopo herufi JASO MA, pamoja na uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Wapo wanaokimbilia oili ghali ya sintetiki tangu siku ya kwanza kwa nia ya kuipenda injini. Fuata kitabu, kama mtengenezaji ameandika oili ya kawaida ya madini, basi hakuna sababu ya kumzidi kwa upendo. Lililo muhimu kuliko jina la oili ni kwamba kopo liwe na lakiri isiyoguswa na litoke kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Haya yote ni rahisi kuyaandika kuliko kuyatekeleza, kwa kuwa wengi wanaopokea pikipiki mpya hapa hawakuinunua kwa ajili ya matembezi. Kijana wa mkataba anadaiwa hesabu na tajiri wake kuanzia siku ya pili, na aliyeshinda barabarani kutwa anaweza kuzimaliza kilomita 1,000 katika wiki moja au mbili tu. Tajiri mwenye hesabu nzuri angemwondolea kijana sehemu ya malipo ya siku chache za mwanzo, amtake tu abebe abiria mmoja mmoja ndani ya mji na arudi gereji kwa tarehe aliyopangiwa. Wachache hufanya hivyo. Wengine huona ni hasara, kisha miaka miwili baadaye hubishana juu ya nani alipe gharama za kushusha injini.

Na hiyo injini iliyoshushwa ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko mpya kutoka kiwandani, ingawa watu hudhani kinyume chake. Mara nyingi pikipiki ikianza kutoa moshi wa bluu hununuliwa ringi peke yake na kutumbukizwa kwenye bloku ile ile iliyokwisha kung'aa. Ringi mpya kwenye ukuta wa kioo haziwezi kukaa, na mwenye pikipiki hurudi baada ya wiki tatu na moshi ule ule akiamini ameuziwa ringi bandia. Kabla ya ringi mpya bloku ipimwe; kama imelika au imekuwa ya yai, ichongwe kwa saizi ya juu na iwekewe pistoni ya saizi hiyo, ambazo kwa kawaida hupanda kwa hatua ya robo milimita. Kama bado ni nzima, irudishiwe mistari yake inayokatizana.

Baada ya kuchonga huja hatua ambayo nimeiona ikirukwa mara nyingi kuliko zote. Unga wa mawe hubaki ndani ya mistari, na petroli haiutoi, huutawanya tu. Bloku inapaswa kuoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ukutani kitoke cheupe, kisha ipakwe oili mara moja kabla kutu haijaingia. Unga ukibaki, unakuwa msasa unaosafiri na oili injini nzima. Ringi nazo zina alama ndogo upande mmoja, na upande huo huelekea juu. Midomo yake isipangwe mahali pamoja. Kwa kuwa mistari iliyochongwa gereji kwa kawaida ni mikali kuliko ile ya kiwandani, nusu saa ya kwanza ya injini iliyoshushwa ni ya thamani kubwa: iwashwe, ipashwe moto dakika chache, ikaguliwe kama inavuja, halafu itolewe barabarani ikavute na kuachia. Kuikabidhi kwa mwenyewe jioni na kumwambia ailaze ikiwa inanguruma ni kuiharibu kazi nzuri ya siku nzima.

Vitu vingine vya pikipiki mpya nitavitaja kwa ufupi. Matairi mapya huteleza mpaka uso wake wa juu ulike, na mtu asilale nayo kwenye kona kwa kilomita 100 za kwanza, hasa mvua za Novemba zikiwa zimeanza. Pedi za breki huhitaji vituo vingi vya wastani kabla ya kushika sawasawa. Cheni hulegea mapema. Nati za pikipiki iliyofungwa dukani zikazwe upya baada ya siku chache, kwa kuwa rangi na gasketi hukaa pia.

Dalili za injini iliyozoea hazihitaji mashine. Piga kiki injini ikiwa imezimwa, utasikia mguu unazuiwa kwa uthabiti kuliko wiki ya kwanza. Pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, uandike ilipo, upime tena baada ya kilomita 500; katika injini iliyokaa, alama husogea kidogo sana. Mwambie mwenzako akufuate uteremkapo Isamilo ukiwa umeachia mafuta, kisha uvute ghafla chini: wingu la bluu wakati huo maana yake oili bado inapanda. Katika sevisi ya kwanza fundi apime tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, injini ikiwa baridi kabisa, kwani valvu nazo zimejichimbia viti vyake na nafasi hupungua, na tapeti iliyobana haipigi kelele ya kukuonya.

Iko dalili moja zaidi, na wengi huichukulia kama ugonjwa. Karibu na kilomita ya 1,000, pikipiki ambayo haikuguswa kabureta huanza kunguruma sailensa juu kuliko ilivyotoka dukani, na mwenyewe huja gereji akilalamika kwamba inakula mafuta. Hakuna kilichoharibika. Msuguano uliokuwa ukiizuia injini umepungua, na petroli ile ile ya sailensa sasa inatosha kuizungusha kwa kasi zaidi. Fundi huizungusha skrubu ya kabureta robo mzunguko, mngurumo ukashuka, na kazi hiyo humalizika kabla mwenye pikipiki hajapata mahali pa kukaa.